Chaji ya Lamadi

Gari lilizima kilomita sita kabla ya kufika Bunda mjini, Jumanne, saa moja na dakika kumi na nane asubuhi. Mama Nusrat alitakiwa awe kwenye soko jipya la Musoma saa tatu kamili, na kitambulisho chake mkononi. Asipokuwepo jina lake likisomwa, kizimba chake cha biashara anapewa mwingine. Hilo nililijua tangu siku aliyonikodi, kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Naitwa Chenge. Naishi Buhongwa. Shule niliishia darasa la sita, na tangu hapo kazi yangu imekuwa magari: kwanza utingo, halafu dereva, sasa miaka ishirini na sita. Mwaka jana niliuza Noah yangu ya petroli nikanunua gari la umeme. Si jipya. Lilitumika Japani mpaka betri ikachoka, ndiyo likanifikia mimi. Wenyewe wanasema lilipokuwa jipya lilikwenda zaidi ya kilomita mia mbili kwa chaji moja. Langu linakwenda mia na hamsini, tena uliendeshe kwa adabu: mwendo wa sabini, kiyoyozi umezima, miguu myepesi.

Kwa mizunguko ya mjini linanitosha. Nalichaji usiku nyumbani, mchana nabeba watu kati ya Buhongwa, Nyegezi na mjini, na kituo cha mafuta napita nikipunga mkono. Safari ndefu ndiyo inataka akili. Soketi ya kawaida ya ukutani inanipa asilimia nane kwa saa. Yaani ukiwa umeishiwa, unahitaji usiku mzima kwa mtu anayekuamini na umeme wake. Kwa hiyo nina daftari. Nimeandika humo kila mtu ninayemjua mwenye soketi, yuko kilomita ngapi kutoka kwangu, na kama ana mbwa.

Mama Nusrat jina lake ni Mwanaheri. Anauza vitenge na madera pale Makoroboi, chini, juu ya turubai, kwa miaka kumi na tisa. Ameshahamishwa mara nyingi mpaka ameacha kuhesabu. Binti yake, Nusrat, ameolewa Musoma, ndiye aliyemjazia fomu za kuomba kizimba kwenye soko jipya. Miaka miwili alisubiri. Mwezi uliopita jina lake likatoka: kizimba chenye mlango wa chuma na kufuli, Jumanne saa tatu aende mwenyewe kukipokea, hawapokei mwakilishi.

Alitaka kupanda basi. Mimi ndiye niliyemzuia.

"Basi la kwanza la asubuhi linafika Musoma saa nne," nilimwambia. "Itabidi uende jana yake, na mabunda yako matano ya vitenge utayalipia mzigo. Mimi nakuchukua mlangoni Jumatatu mchana, tunalala Lamadi, Jumanne saa mbili na nusu uko sokoni. Nusu ya bei ya teksi ya petroli."

"Gari lako lile la kuchajiwa kama simu?"

"Hilo hilo."

"Likiisha chaji njiani tutalitingisha?"

"Haliishi. Nimeshapiga hesabu."

Na hesabu ilikuwa nzuri, hata leo naisimamia. Kutoka Buhongwa unashuka Usagara, unashika barabara ya mchepuko mpaka Kisesa bila kuingia mjini, halafu Magu, halafu Lamadi. Kilomita mia na thelathini na tano. Nafika na asilimia tisa au kumi. Lamadi ni nyumbani kwa mke wangu, Tereza. Mama mkwe wangu ana nyumba yenye umeme mita mia mbili kutoka barabarani, na kwenye ua kuna chumba cha nje cha shemeji yangu Pius, chenye soketi ukutani. Nikichomeka saa kumi na mbili na nusu jioni, alfajiri ni asilimia mia. Lamadi mpaka Musoma ni kilomita mia na kumi. Tunafika na akiba.

Nilimpigia Pius wiki nzima kabla. Akasema, "Shemeji, hapa ni kwako, njoo uchaji hata lori."

Jumatatu tuliondoka saa tisa mchana. Mama Nusrat alikaa nyuma na mabunda yake, akawa analalamika kwamba gari halina mlio. Alisema anahisi kama anasukumwa na watu. Magu tulisimama, akanunua machungwa. Lamadi tulifika saa kumi na mbili na robo, dashibodi inaonyesha tisa. Nilimshusha kwenye nyumba ya wageni pale stendi, nikaenda ukweni.

Pius hakuwepo. Alinipigia nikiwa naingia uani. Alikuwa ameitwa msibani Kalemela, angerudi kesho. "Ufunguo uko juu ya mlango. Chumba chako, soketi yako. Mama yupo."

Hapo ndipo lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Mimi na mama mkwe wangu tunaheshimiana. Miaka ishirini na mbili tangu nimwoe binti yake, sijawahi kumtazama usoni, wala yeye mimi. Nikiingia uani anaingia ndani. Akitaka kunisalimia, anasalimia akiwa nyuma ya mlango. Siingii nyumbani kwake, simpi kitu mkono kwa mkono. Kikitakiwa kitu, anatumwa Pius, au Tereza kama tumekuja pamoja. Ndivyo tulivyokuta, na haikuwahi kutusumbua, kwa sababu siku zote kulikuwa na mtu wa katikati.

"Shikamoo mama," nilisema nikiwa nimegeukia upande wa ziwa.

"Marahaba baba," akajibu kutoka ndani. "Mmefika salama? Watoto wazima?"

"Wazima."

"Karibu."

Yakaishia hapo. Nilivuta waya kutoka chumba cha Pius, nikachomeka, taa tatu za bluu zikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Kisha nikatoa noti ya elfu kumi. Nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Huwezi kwenda kwenye nyumba ya mtu ukanywa umeme wa usiku mzima usinunue uniti. Noti hiyo nilipanga kumpa Pius. Sasa Pius hayupo. Nilisimama nayo uani. Kumpigia mama mkwe hodi nimwambie hela ya umeme hii hapa? Ni kama kumwambia umeshindwa kunilaza. Kuiweka kizingitini kama sadaka? Nikaona kesho nitamtumia Pius kwenye simu. Nikairudisha mfukoni.

Saa mbili kasoro nilisikia kikohozi kimoja nje. Nikasubiri mpaka hatua zikaondoka, nikafungua mlango. Chakula kilikuwa chini, kimefunikwa: ugali na sato wa nazi, na maji ya kunawa. Kwa kikohozi ndivyo anavyonitaarifu. Nilikula, nikarudisha vyombo palepale, nikazima taa nilale. Dereva wa safari lazima alale mapema.

Saa tatu hivi nilisikia tena kikohozi. Mara mbili, karibu kabisa na mlango wangu. Kisha kimya. Kisha mara mbili tena. Nilijua ni yeye. Nikafikiri anakwenda chooni, na choo kiko upande wa chumba cha Pius. Mimi kutoka nje wakati ule nikamkuta na kanga ya kulalia, hiyo ingekuwa aibu ya kusimuliwa ukoo mzima. Nikabana pumzi kama mwizi, nikasubiri aondoke. Aliondoka. Nikageukia ukutani nikalala, tena kwa raha, kwa sababu nilijiona mkwe mwenye adabu.

Niliamka saa kumi na mbili kasoro robo. Nikabonyeza swichi, taa haikuwaka. Nikatoka. Nyumba ya jirani ilikuwa na taa barazani. Kwa hiyo umeme haukukatika. Nikaingia kwenye gari. Asilimia ishirini na saba.

Nilikaa mle ndani nikiitazama ile namba. LUKU ilikuwa imeisha tangu saa tatu. Kile kikohozi kilikuwa kinaniambia hivyo.

Kununua uniti kwa simu ni dakika mbili, lakini unahitaji namba ya mita. Namba ya mita iko ndani kwa mama mkwe. Pius simu yake haipatikani. Tereza hakupokea, huwa anaiacha chumbani akiwa anawasha jiko. Ningeweza kusimama pale uani niite, "Mama, nisomee namba ya mita." Maneno matano tu. Nilisafisha koo mara mbili, sikuyasema. Nikajiambia hata nikinunua, asilimia nane kwa saa haiwezi kunifikisha Musoma kabla ya saa tatu. Hiyo ilikuwa kweli. Nikapiga hesabu nyingine: ishirini na saba ni kilomita arobaini. Bunda ni thelathini na sita. Nitafika Bunda, Mama Nusrat nitampandisha haisi ya Musoma kwa hela yangu, mimi nitabaki kuchaji kwa Luhende, fundi wa kuchomelea aliyemo kwenye daftari langu. Hesabu ya mtu anayetafuta kutoroka.

Nilimfuata Mama Nusrat saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Alikuwa amevaa gauni jipya, kitambulisho kwenye mfuko wa plastiki, ameuning'iniza shingoni.

"Limeshiba?" aliuliza.

"Twende," nikasema.

Pale stendi kulikuwa na haisi imeandikwa Musoma, kondakta anapiga bodi na kiganja, anaita wawili, wawili, bado wawili. Nafasi mbili. Ilikuwa ya kuondoka dakika ileile, na ingefika Musoma saa tatu kasoro robo. Niliiona. Mama Nusrat naye aliiona, akasema, "Wenzetu wanavyobanana," akacheka kidogo. Nilipaswa kusimama pale. Ilikuwa sentensi moja: mama, panda hii, gari halikuchaji. Lakini mtu uliyemwambia wiki mbili nzima haliishi, nimepiga hesabu, utamwambia hivyo mbele ya kondakta? Niliipita.

Kisha nikaongeza kosa. Nilitaka tufike Bunda kabla ya haisi ile, ili tuisubiri stendi kondakta akitukuta asiwe na la kusema. Nikaacha mwendo wa sabini, nikapandisha themanini na tano. Gari la petroli halijali. La umeme, ukikimbia hivyo, linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Tukiwa tunapita kando ya hifadhi, nyani wamekaa barabarani wanachambuana, nilikuwa nimebaki na kumi na moja. Mbele kidogo, tano. Halafu namba ikapotea, vikaja vistari. Halafu ikawaka picha ya kobe.

Mama Nusrat aliinama katikati ya viti. "Hiyo nini? Kobe?"

"Alama ya betri."

"Kwa nini kobe?"

"Maana yake tutakwenda polepole."

"Na kobe akifa inakuja picha gani?"

"Haiji picha."

Tulikwenda mwendo wa arobaini, wa ishirini, wa mtu anayetembea, kisha gari likasogea pembeni lenyewe likakaa. Saa moja na dakika kumi na nane. Nikawasha taa za hatari, zikawaka, kwa hiyo angalau hizo zilikuwa nzima.

"Chenge," alisema. Hakupandisha sauti. "Ulijua saa ngapi?"

"Kabla ya saa kumi na mbili."

"Na pale stendi ulijua?"

"Nilijua."

Alifungua mlango, akashuka, akasimama pembeni ya lami anatazama tulikotoka. Mimi nilikaa kidogo kabla ya kushuka. Haisi ile ilitokea baada ya dakika sita. Imejaa, watu wawili wamesimama wameinamisha vichwa, kondakta ananing'inia mlangoni. Nilipunga mikono yote miwili. Walipunguza mwendo, hawakusimama.

"Mama, si ulituona?" kondakta alipaza sauti akicheka. "Sasa panda hilo la kisasa."

Bodaboda ilipatikana saa moja na dakika arobaini. Nilimlipa kijana wa boda, nikampa Mama Nusrat nauli ya haisi, nikamwambia mabunda nitayaleta. Akazihesabu zile hela, akanirudishia elfu mbili zilizozidi. Akapanda upande, kitambulisho kinampiga kifuani, wakaondoka.

Sikuwepo kwa yaliyofuata. Mama Nusrat alinisimulia kwenye simu saa nne. Bunda alifika saa mbili kasoro dakika tano. Haisi iliyokuwepo ilikuwa na watu watatu, wakasubiri ijae mpaka saa mbili na robo. Musoma alishuka saa tatu na dakika thelathini na moja. Majina yalianza kusomwa saa tatu kamili, kwa mpangilio wa herufi. Jina la Mwanaheri lilifikiwa upesi. Walilisoma mara tatu. Nusrat alikuwepo, amesimama nyuma, akasema mama yangu yuko njiani. Msomaji akamwambia njiani si hapa, akasoma jina la kwanza la orodha ya akiba. Akatoka mwanamume mmoja mwenye shati la kijani, akatia sahihi, akapewa ufunguo. Alipoingia Mama Nusrat, mwanamume yule alikuwa bado anaujaribu kwenye kufuli, unakwama kidogo.

"Nimemsaidia kuufungua," alisema. "Unatakiwa uuvute kwanza ndipo uzungushe."

"Mama Nusrat, mimi..."

"Mabunda yangu usiyaache kwenye vumbi." Akakata.

Mimi nilivutwa na pikapu ya muuza mkaa mpaka kwa Luhende. Alilizunguka gari mara mbili na miwani yake ya kuchomelea imepanda kipajini. "Mimi nafunga mageti," alisema. "Ila soketi ninayo." Kabla hajachomeka alinikabidhi simu yake. "Namba ya mita ndiyo hiyo. Nunua za kwako kwanza, halafu ndiyo tusalimiane." Nikanunua. Hakukuwa na kikohozi wala mlango. Nilichaji mpaka asubuhi ya Jumatano, nikapeleka mabunda Musoma, nikachaji usiku wa pili kwa Nusrat, ambaye alinikaribisha chai bila kukaa nami. Mama yake alikuwa amelala, au hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Alhamisi nilirudi. Lamadi nilisimama, kwanza kwa sababu ya chaji, pili kwa sababu Tereza alikuwa amenipigia.

"Ulimwachia mama hela ya LUKU?"

"Pius hakuwepo."

"Sikukuuliza Pius. Nenda ukaone friza."

Pius alinionyesha. Mama mkwe hununua sato wa jioni kwa wavuvi, anawagandisha, asubuhi anamuuzia mtu wa hoteli anayekuja na gari. Jumatatu aliwaweka kilo ishirini na mbili, bado wana joto la ziwa. Nilipochomeka gari, alitazama mita yake ya ukutani, akaona uniti tano na nukta kadhaa, zinashuka mbele ya macho yake. Duka la tokeni limefungwa, simu yake haina hela, Pius yuko msibani, na mkwe wake yuko nyuma ya mlango. Akazima friza. Akazima na taa zake zote, akanipikia kwa kibatari. Alitaka kile kidogo kilichopo kiingie kwenye gari. Kilipoisha, akaja kukohoa mlangoni kwangu mara nne.

"Mtu wa hoteli alimbonyeza mmoja mgongoni," Pius alisema, "kidole kikaacha shimo. Akafunga buti akaondoka. Tumewapasua tukawatia chumvi."

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mama mkwe. Nilisimama nimegeuza uso, kama siku zote. Nikamsikia anasogeza kigoda upande wa pili wa ukuta.

"Mama, usiku ule nilisikia. Nilidhani unapita."

"Na mimi nilidhani umelala, baba. Nikaona nisikusumbue." Kisha akauliza, "Yule mama alifika?"

"Alifika. Alichelewa."

"Sana?"

"Nusu saa."

"Nusu saa," alirudia, kama mtu anayepima kitu kwa mkono.

Nilimpa Pius elfu kumi mbele ya mlango ule, nikasema kwa sauti ya kusikika ndani kwamba ni ya LUKU, na namba ya mita nikaiandika kwenye daftari langu, kwenye ukurasa wa Lamadi. Ilikuwa noti ileile ya Jumatatu. Ilikuwa imekunjwa mara nne.

Hii ndiyo gharama yake. Gari kuvutwa mpaka Bunda, elfu hamsini. Umeme wa Luhende, elfu tisa. Bodaboda, elfu tatu, haisi elfu sita. Nauli yote ya Mama Nusrat nilimrudishia, elfu themanini. Aliipokea, hajanikodi tena, na nikipita Makoroboi anainua kitenge anakikunjua mpaka nipite. Sato kilo ishirini na mbili wakauzwa kama samaki wa chumvi, kwa hasara ya laki moja na nusu, ambayo nililipa kwa awamu tatu kupitia Tereza. Miaka miwili ya kusubiri kizimba. Kizimba kimoja, mlango wa chuma, kufuli inayokwama. Umeme uliohitajika usiku ule ulikuwa uniti ishirini na tano, za elfu tisa. Zilizopungua zilikuwa ishirini.